Picha zangu za chini ya bahari, na mjomba anayezikataa

Nilirudi Juani, kisiwa kidogo cha Mafia, mwezi Novemba, baada ya miaka 12 Muscat. Niliondoka na begi moja na cheti cha ufundi wa friji na viyoyozi. Nimerudi na mabegi matatu, na lile zito kuliko yote halikuwa na zawadi ya mtu. Mama alilifungua mbele ya majirani waliokuja kunipa pole ya safari. Akatoa kasha la alumini lenye mikono miwili kama kaa, taa mbili, kuba la kioo, kikopo cha grisi. Akavigeuzageuza vyote, kisha akaniuliza, "Hiki ndicho ulichotuchumia?"

Ndicho, mama. (Kanga na udi vilikuwa begi la pili. Alivikuta baadaye, amani ikarudi.)

Tangu siku ile kila anayepita barazani anataka kuona picha. Nimechagua chache ninazozipenda, nieleze nilivyozipiga na zilivyopokewa, maana hukumu ya hapa siyo ile niliyoizoea.

Kwanza aibu yangu. Nimezaliwa kisiwani, huku Ghuba ya Chole, huku bahari kuu, lakini kuitazama bahari kwa ndani nilifundishwa ugenini. Utotoni nilikuwa nikiogelea macho nimeyafumba. Muscat nilikuwa na mwenzangu wa kazini, Mfilipino, ambaye Ijumaa zake zote aliziishia Visiwa vya Daymaniyat, unachukua boti kutoka Seeb. Siku moja akanivisha miwani yake ya kuzamia. Nikaweka uso majini, chini yangu kasa anapita bila haraka, kama mzee anayetoka msikitini. Nikawakumbuka kasa wetu wanaotaga upande wa mashariki wa Juani. Mimi niliwajua kwa mikwaruzo waliyoacha mchangani tu.

Kamera ya kwanza niliinunua kwa huyo huyo, mtumba, nikaiua ndani ya miezi minne. Mafundi wenzangu mtacheka. Kasha la kamera linazuia maji kwa oringi, mpira ule ule wa duara niliokuwa nikiubadilisha kila siku kwenye kompresa za watu. Oringi ndiyo iliyonilisha! Lakini asubuhi ile nilijifuta kichwa kwa taulo, nikafunga kasha, unywele mmoja ukalala juu ya mpira. Kwenye mita 12 nikaona tone ndani ya kioo. Nikalitazama, likawa matone. Nilipofika botini kasha lina maji nusu, betri inachemka kama chai.

Siku hizi nafunga kasha usiku wa kuamkia safari, feni imezimwa, kichwani nina kofia. Naitoa oringi kwa pembe ya kadi ya plastiki, kamwe si kwa kitu cha ncha. Napitisha kidole taratibu kutafuta mchanga, napaka grisi kiasi cha punje ya mchele, kwa sababu ikizidi inakamata vumbi badala ya kuteleza. Kisha nalizamisha kasha tupu kwenye ndoo, natazama mapovu. Ndani natia kile kipakiti cha kunyonya unyevu kinachokuja na viatu vipya, kioo kisipige ukungu. Ndoo ya mama ndiyo iliyoleta ugomvi, lakini hayo ni mambo ya nyumbani.

Picha ya kwanza ni ya potwe. Nimeipiga Kilindoni, upande wa magharibi wa kisiwa kikubwa, ambako wanaonekana zaidi kuanzia Oktoba hadi Machi hivi. Wengine humwita papa shilingi kwa yale madoa. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, naye anajaza tumbo kwa uduvi.

Kwake sikutumia mtungi wala taa, ni miwani, mrija na mapezi ya miguuni tu. Siku mbili za kwanza nilimkimbiza. Potwe haonekani kama ana haraka, lakini akipiga mkia mara moja wewe umebaki unapiga picha ya mkia. Nina picha arobaini za mikia. Siku ya tatu nahodha wetu, kijana mdogo tu, akaniambia, "Kaka, usimfuate. Mtangulie." Akatazama alikoelekea, akanishusha mbele kabisa, nikatulia nikielea, jua mgongoni. Akaja mwenyewe, mdomo wazi kama mlango wa ghala. Maji yenye uduvi ni uji, ukiwa mbali unapata kivuli cha kijivu. Dawa yake ni lenzi pana, ili umpate mzima huku ukiwa karibu, ila usimguse wala usimzibie njia. Kasi ya kamera niliiweka 1/250 ya sekunde, maana yeye anatembea na mimi natikisika.

Picha nzuri ya potwe ina kazi zaidi ya uzuri. Madoa nyuma ya mashavu ni kama alama za vidole, hawafanani wawili. Watafiti wanapenda ubavu wa kushoto, na wanayalinganisha madoa kwa programu iliyotokana na hesabu za wanaastronomia za kulinganisha nyota. Nilimweleza mjomba hayo yote kwa madaha, laptopu magotini. Akamtazama potwe muda mrefu.

"Huyu ndiye aliyenichania wavu wangu wa jarife."

"Huyu huyu, mjomba?"

"Au ndugu yake. Si umesema unaweza kulinganisha?"

Tatizo ni kwamba mwaka ule hakuna aliyempiga picha mhalifu. Nikamwambia basi msimu ukiisha wanaondoka, hatutampata tena. Akanikata: potwe haendi popote, anashuka tu na kusogea nje, wanaosema amehama ni watu wa kutazama juu. Sikubisha, na ni vizuri sikubisha. Watafiti waliwafunga potwe wa Mafia vifaa vinavyotoa mlio majini, wakagundua wengi wao wanabaki karibu hata miezi ambayo hakuna anayewaona. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2015. Mjomba hajausoma.

Picha ya pili ndiyo iliyonipa tabu kuliko zote, na imepigwa maji yakiwa chini ya goti. Ni shangazi yangu akitafuta pweza, nusu ya picha iko juu ya maji, nusu chini. Juu unaona kanga yake ameifunga kiunoni, mchokoo, mti wa kuchokolea pweza, mkononi, mikoko nyuma. Chini unaona miguu yake, nyasi za bahari, na tundu la jiwe ambalo mdomoni pake limezungushiwa maganda ya chaza. Yale maganda ndiyo dalili. Pweza anakula ndani, takataka anazitupa mlangoni.

Picha ya namna hii haiwezekani bila kuba, kile kioo cha mviringo kinachokaa mbele ya lenzi. Kioo bapa kinakupa mstari mnene wa maji katikati na basi. Kuba likiwa kubwa ule mstari unakuwa mwembamba. Lakini kuba lina hila yake: vitu vya chini ya maji lenzi inaviona vipo karibu sana, vya juu vipo mbali vilipo, kwa hiyo inabidi ubane tundu la lenzi, mimi niliweka f/16, yaani tundu dogo, ili vya karibu na vya mbali vyote vitoke wazi, ulenge vya chini, na vya juu vijitegemee. Ukishabana tundu unahitaji mwanga mwingi, na chini daima kuna giza kuliko juu. Bahati njema siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, hapa kwetu hupwa kabisa mnamo saa nne, saa tano asubuhi, jua kali, na mchanga mweupe unarudisha mwanga juu. Sehemu ya kuba iliyo nje inashika matone. Niliilamba, nikaichovya, nikapiga kabla haijakauka. Shangazi aliniona nikilamba kioo akasema Waarabu wamenifanya nini mtoto wa watu.

Nilipiga magoti saa nzima mbele ya lile tundu. Yeye alikuwa ameshajaza nusu ndoo. Mara akachomeka mchokoo, akausokota kidogo, hakuvuta. Alikuwa anasubiri. Mkono wa kwanza wa pweza ukatoka ukaupapasa mti, ngozi ikageuka kutoka rangi ya jiwe ikawa nyeupe, ikawa ya kahawia, ikarudi nyeupe. Hapo ndipo nilipobonyeza.

Jioni akaiona kwenye kioo cha laptopu. Hakumtazama pweza hata kidogo.

"Mbona miguu yangu mikubwa hivi?"

Nikamweleza kwamba maji hukuza, kitu kikiwa ndani huonekana kikubwa kwa kama theluthi moja na karibu kuliko kilivyo. Akasikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Basi nipunguze." Sijampunguza. Salamu zimekuwa fupi.

Sasa picha ya tatu, iliyoleta kesi.

Hii ndiyo niliyokuwa nikiiota tangu Muscat: mlango wa Kinasi, ambako maji ya bahari kuu yanaingia Ghuba ya Chole. Unazama maji yakijaa, yawe safi na yakusukume ndani. Ukikosea saa, yanakutoa nje pamoja na tope la ghuba. Kwenye mita 16 ubavuni mwa mwamba nikamkuta chewa mwekundu mwenye madoa ya buluu, ametulia mbele ya matumbawe yaliyotanda kama upepeo. Nikamsogelea kidogo kidogo nikizuia pumzi nisitoe mapovu, ingawa mzamiaji wa mtungi hatakiwi kuzuia pumzi, na nilikuwa nafanya vibaya. Taa zangu mbili nilizitanua mbali kushoto na kulia. Ukiziweka karibu na lenzi zinamulika chembe zote zilizo katikati, picha inatoka kama umemwagiwa unga. Kwa mkono uliotanda na umbali usiozidi mita moja, nikapiga. Chewa akatoka mwekundu kama pilipili iliyoiva.

Mjomba akatazama, akasema, "Hapa Kinasi."

Nikashtuka. Sikuwa nimemwambia. Akanionyesha matumbawe ya upepeo: hayo hukua yakikingama maji, yapate chakula kinachopita, na kwa yalivyokaa na mwamba ulivyo hapawezi kuwa pengine. Nikajua nimeshinda. Halafu akaongeza:

"Lakini huyu samaki ni uongo."

"Mjomba, huyu si chewa?"

"Chewa ndiye. Ila huko chini hakuna nyekundu."

Mjomba ujanani alikuwa akizamia jongoo bahari, kwa pumzi yake na miwani aliyofunga kwa mpira wa baiskeli. Akanisimulia alivyokatwa na jiwe kiganjani huko chini, akaona damu inatoka nyeusi inayoelekea kijani, akadhani amepata ugonjwa. Alipoinuka karibu na mashua ikawa nyekundu. "Nyekundu inaanzia juu. Chewa huko kwake ni wa kijivu. Nyekundu anaivaa akishakufa."

Kisayansi hana kosa hata moja. Maji yanameza nyekundu kwanza, mita chache tu za mwanzo, kisha rangi ya chungwa, kisha njano, unabaki na buluu na kijani. Ndiyo maana sisi wapiga picha tunabeba jua letu wenyewe. Nikajitetea: rangi ipo kwenye ngozi ya samaki, taa inaifichua tu. Nikamwambia hata watu wa kwanza kupata picha ya rangi chini ya maji, Longley na Martin huko Dry Tortugas, Florida, mwaka 1926, walikuwa wakilipua unga wa magnesiamu juu ya chelezo ili wapate mwanga, na Longley aliungua vibaya kwa kazi hiyo. Watu wameungua kwa ajili ya nyekundu, mjomba.

Akanywa kahawa yake. "Hapa watu wamekatika mikono kwa baruti. Wao walitaka kula."

Sikuwa na jibu. Kabla hifadhi ya bahari haijatangazwa mwaka 1995, baruti ilikuwa ikisikika hapa kama ngoma ya jirani, na mimi ni mkubwa wa kutosha kuukumbuka ule mtikisiko.

Wiki iliyofuata nilirudi Kinasi nimezima taa zote. Nikarekebisha kipimo cha weupe cha kamera kidogo tu, nikampiga chewa yule yule, kwenye mwamba ule ule, kama jicho linavyomwona: wa kijivu cha kahawia, nyuma yake buluu inayozidi kukoza, na kundi la samaki wadogo wametulia wote wakielekea upande mmoja. Muscat picha kama hii ningeifuta kabla sijavua mapezi. Nikampelekea.

Safari hii alivaa miwani yake ya kusomea. Akakubali kwa kichwa, mara mbili. Kisha akaweka ukucha juu ya wale samaki wadogo.

"Hawa wametazama Chole. Samaki anayakabili maji. Maji yalikuwa yameshaanza kutoka."

"Hapana mjomba, niliwahi."

"Ulichelewa."

Nikafungua faili kuangalia saa ya picha: saa tisa na dakika 20 mchana. Nikafungua jedwali la maji. Siku ile yalijaa saa tisa kasoro dakika tano.