Kura 957 za Vancouver

Jana usiku usingizi ulinipaa, nikaishia kupekua matokeo ya zamani ya uchaguzi wa jiji letu. Oktoba 20, 2018: Kennedy Stewart, mgombea binafsi, kura 49,705. Ken Sim wa NPA, chama cha mrengo wa wastani wa kulia, 48,748. Umeya wa Vancouver, hapa Canada, uliamuliwa kwa kura 957.

Mwaka ule sikuwa raia bado, hivyo nilimsindikiza tu dada kituoni na kumsubiri nje. Alikuwa na kikaratasi chake cha majina mkononi, mwakenya kabisa, kama wa kuibia mtihani. Haki yake! Wagombea walikuwa 158, na majina yalipangwa kwa bahati nasibu, si kwa alfabeti kama zamani. Hapa jiji halina kata, kila mpiga kura anachagua meya, madiwani 10, wajumbe 7 wa bodi ya bustani na 9 wa bodi ya shule. Dada alitoka hoi. "Mdogo wangu, diwani mmoja nimemtafuta mpaka macho yakaniuma."

Kuna wanaosema Sim aliponzwa na watu wa upande wake. Hector Bremner alikuwa diwani wa NPA, chama kikamkatalia kuwania tiketi ya umeya, akaenda kusimama na chama kipya. Yeye na Wai Young, aliyewahi kuwa mbunge wa Conservative, chama cha kihafidhina, walizoa kura zaidi ya 20,000. Sawa. Lakini mbona hawamtaji Shauna Sylvester? Naye alisimama kama mgombea binafsi, akapata zaidi ya 35,000, na sidhani wengi wa wapiga kura wake wangekwenda kwa Sim. Kila upande ulijigawa wenyewe. Na kwa kuwa hakuna duru ya pili, Stewart aliingia ofisini akiwa hajafikisha hata asilimia 30.

Mimi kilichonikosesha usingizi zaidi ni matokeo ya 2022, waliporudiana wawili hao. Safari hii Sim alikuja na chama kingine, ABC, akapata 85,732 na kuwa meya wa kwanza wa Vancouver mwenye asili ya Kichina. Stewart alipata 49,593, pungufu ya kura 112 tu kuliko zile zilizompa umeya miaka minne kabla. Akashindwa kwa zaidi ya 36,000.