Waziri akishtakiwa, ufunguo uwe kwa nani?

Kila kashfa inapoibuka, hapa Dar utasikia: iundwe mahakama maalumu ya mawaziri. Sawa, lakini kabla ya kuhesabu majaji tuulize nani ataruhusiwa kufungua shauri. Hapo ndipo nchi nyingi zilikwama.

Iceland ilikuwa na Landsdómur, mahakama yake maalumu ya mawaziri, tangu 1905, na haikusikiliza kesi hata moja mpaka benki zilipoanguka 2008. Kamati ya Bunge ikapendekeza mawaziri wanne washtakiwe. Septemba 2010 wabunge wakapigia kura kila jina peke yake: Geir Haarde, aliyekuwa Waziri Mkuu, akashtakiwa kwa kura 33 dhidi ya 30, wenzake watatu wakaponea hapo hapo. Wabunge wawili tu wangegeuka, kesi isingekuwepo. Mwaka 2012 alitiwa hatiani kwa kosa moja, kutoitisha baraza la mawaziri kujadili hatari iliyokuwa ikija, na hakupewa adhabu.

Ufaransa ilirekebisha mlango wa mahakama yake ya mawaziri mwaka 1993. Aliyeumizwa hupeleka malalamiko mwenyewe, jopo la watu saba kutoka mahakama za juu huyachuja, na majaji watatu huchunguza. Ila kwenye hukumu wanasiasa wanarudi kupitia dirishani, maana kati ya majaji 15, wabunge na maseneta ni 12. Tena waziri huenda huko peke yake, wasaidizi wake wakabaki mahakama ya kawaida. Kwenye kesi ya fedha za kampeni ya 1995, mkurugenzi wa kampeni wa Edouard Balladur, aliyekuwa Waziri Mkuu, alihukumiwa jela Paris mwaka 2020. Mwaka uliofuata mahakama ya mawaziri ikamwachia huru Balladur mwenyewe. Ushahidi wa tukio moja ukasikilizwa na watu tofauti!

Katiba yetu inamkinga Rais, haimkingi waziri. Mawaziri wa zamani Basil Mramba na Daniel Yona walishtakiwa Mahakama ya Kisutu, Dar, mwaka 2008, mbele ya mahakimu wakazi kama mtu yeyote, kwa kutumia madaraka vibaya katika msamaha wa kodi kwa kampuni ya kukagua dhahabu. Hukumu ilitoka Julai 2015, miaka mitatu jela, na rufaa ikaenda Mahakama Kuu. Kwa hiyo chumba cha kuhukumia tunacho, tena kina rufaa, ambayo Denmark haikuwa nayo mahakama yake ya mawaziri ilipomhukumu waziri wa zamani Inger Støjberg kifungo cha siku 60 mwaka 2021.

Ufunguo ndio tatizo. Makosa ya namna hiyo yanahitaji kibali cha DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, na DPP huteuliwa na Rais yule yule anayemteua waziri. Mimi ningechukua jopo la saba la Wafaransa, niliweke mlangoni pa Kisutu, na kibali kikikataliwa sababu ziandikwe na zisomwe hadharani.