Kabla Mtoto Kiziwi Hajafika Shuleni

Dodoma, Jumamosi jioni

Wiki nzima nimekuwa nikiandika barua kwa halmashauri, na kila nilipoianza upya nilijikuta narudi kwenye swali lile lile: kwa nini mtu mzima kiziwi hukutanishwa na mtoto kiziwi siku mtoto huyo anapoandikishwa shule, akiwa na miaka saba, minane au zaidi, wakati miaka aliyomhitaji kuliko yote imekwisha kupita. Mimi ni kiziwi na ni mwalimu wa darasa la awali. Watoto ninaowapokea kutoka Bahi, Chamwino, Kongwa na pembezoni mwa jiji hili hawana upungufu wowote wa akili, lakini wengi wao huja bila lugha, isipokuwa ishara chache za nyumbani za kuomba maji, chakula na kwenda haja. Mtoto wa namna hiyo hawezi kuuliza mama yake atarudi lini, na mimi siwezi kumjibu, kwa kuwa hata neno la kesho bado hatuna kati yetu.

Wenzetu wa Marekani wamejiwekea utaratibu unaojulikana kwa tarakimu tatu: mtoto achunguzwe usikivu kabla hajatimiza mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na familia ianze kupata huduma kabla ya miezi 6. Utafiti uliofanyika Colorado na kuchapishwa mwaka 1998 ulionyesha kuwa watoto waliogunduliwa kabla ya miezi 6 na kuhudumiwa mapema walikuwa na lugha bora kuliko waliogunduliwa baadaye. Hayo yanatajwa sana katika semina. Lisilotajwa ni kwamba kamati ya nchi hiyo inayoshughulikia usikivu wa watoto wachanga ilitoa nyongeza mwaka 2013 ikisema wazi kwamba viziwi wenyewe washiriki kupanga na kuendesha huduma hizo, kwamba kila familia ipate nafasi ya kusaidiwa na mtu mzima kiziwi, na kwamba wanaowafundisha wazazi lugha ya alama wawe ni watu wanaoimudu barabara. Yaani mtu aliyejifunza alama kwa wiki mbili hotelini hatoshi, hata akiwa na cheti chenye picha ya bendera.

Hapa kwetu bado hatuchunguzi usikivu wa kila mtoto anayezaliwa. Hata hivyo haiwezekani kusema kwamba watoto hawa hawaonekani, maana wanaonekana mapema sana: wanaletwa kliniki kwa chanjo wakiwa na wiki 6, wiki 10, wiki 14, kisha miezi 9 kwa ajili ya surua, wanapimwa uzito, wanaandikwa kwenye kadi na kurudishwa nyumbani. Mama akisema mwanawe hashtuki mlango ukibamizwa, mara nyingi huambiwa asubiri, atasema tu, wapo watoto wanaochelewa. Akisubiri hivyo kwa miaka mitatu, hakuna wa kumlaumu katika foleni ile, kwa sababu pale kliniki hakuna hata mtu mmoja ambaye amewahi kuwa mtoto kiziwi.

Mwezi uliopita nilikwenda na mkalimani kwenye nyumba moja upande wa Chamwino, ambako kuna mtoto wa kike ambaye hajafikisha miaka miwili. Mama yake alikuwa ameshafika hospitali na amepewa majibu. Nilikuwa nimejiandaa kuzungumzia lugha, lakini bibi wa mtoto, ambaye alikuwa akichambua mlenda kwenye ungo, hakunipa nafasi. Alimgeukia mkalimani akasema, "Muulize huyu mwalimu, ameolewa?" Nikajibu kwamba nimeolewa, nina watoto wawili, na wote wanasikia. "Na usiku mtoto akilia anajuaje?" Nikamweleza kwamba walipokuwa wachanga nililala mkono wangu ukiwa juu ya kifua cha mtoto, na mume wangu, ambaye naye ni kiziwi, alilala upande wa pili. Akafikiri kidogo, kisha akauliza kama sufuria ikifurika jikoni huwa najua, kama mwenye duka hanipunji, na kama nilijifunza Kiswahili cha kuandika kwa njia gani. Mama wa mtoto alikuwa kimya muda wote huo, ananitazama mikono.

Maswali yale hayaulizwi kwa daktari, na daktari akiulizwa hana la kujibu. Sitaki kumpunguzia mtaalamu wa usikivu heshima yake; yeye ndiye anayepima, anayejua shimesikio ipi, yaani kifaa cha sikioni cha kusaidia kusikia, inafaa na anayebaini mapema sikio linalotoa usaha. Lakini familia ikitoka kwake na karatasi ya majibu, inakuwa imeambiwa kile ambacho mtoto hana. Takwimu za Marekani zinaonyesha kuwa zaidi ya watoto 9 kati ya 10 viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, na wengi wa wazazi hao hawajawahi kukaa karibu na kiziwi mtu mzima. Wanamwogopea mtoto maisha ambayo hawajamwona mtu yeyote akiyaishi. Bibi yule alikuwa akinihoji mimi ili amjue mjukuu wake atakavyokuwa, na alikuwa na haki ya kupata majibu hayo mapema iwezekanavyo.

Liko na jambo la pili ambalo ni la kitaalamu zaidi na ambalo halionekani kwa urahisi na mtu anayesikia. Mama alipomaliza kuzungumza nasi alimfunga mtoto mgongoni kwa kanga na kwenda kuteka maji. Mtoto anayesikia akiwa mgongoni yuko darasani: anasikia mama akisalimiana na jirani, akiimba, akimfukuza mbuzi, na kila kitu anachokiona kinakuja na jina lake kupitia masikioni. Mtoto kiziwi akiwa mgongoni anaona kisogo. Sikumwambia mama aache kumbeba. Ingekuwa upuuzi, kazi za Ugogo hazifanyiki mikono ikiwa imeshika mtoto. Nilimwonyesha namna ya kumweleza mtoto usoni kabla ya kumfunga kwamba wanakwenda kisimani, na kumshusha wakifika ili amwonyeshe maji na kumpa alama ya maji palepale.

Hali kadhalika macho. Mtoto anayesikia anaweza kutazama kuku huku mama akisema "kuku", lakini mtoto kiziwi akitazama kuku hayaoni maneno, na akikutazama wewe hamwoni kuku. Wazazi viziwi hulitatua hili bila kufundishwa: wanasubiri jicho la mtoto ligeuke lenyewe, au wanaifanya alama karibu kabisa na kile anachokitazama, au wanaifanya juu ya mwili wa mtoto, au wanakisogeza kitu hadi usawa wa uso wao. Hawamshiki kidevu kumgeuza. Nilimwona mama akimgeuza kidevu mwanawe, na mtoto akakataa kwa kufumba macho, jambo ambalo kwa mtoto kiziwi ni sawa na kufunga mlango. Tulikaa chini mkekani, nikamwachia mtoto kopo la plastiki alilokuwa akilichezea, nikasubiri. Aliponitazama nilimpa alama moja tu, kisha nikanyamazisha mikono. Alirudi kulitazama kopo, halafu akanitazama tena, safari hii akingoja. Mama akajaribu, akapata.

Nasisitiza hili kwa sababu wapo wanaodhani lugha ya alama humzuia mtoto kujifunza lugha nyingine. Huko Utah, Marekani, viziwi watu wazima waliajiriwa kutembelea nyumba zenye watoto wadogo viziwi, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998 watoto hao walilinganishwa na wenzao wa Tennessee ambao hawakutembelewa. Waliotembelewa walikuwa na msamiati mkubwa zaidi, na Kiingereza chao pia kilikuwa mbele. Kadhalika sina ugomvi na upandikizaji wa vifaa vya usikivu ulioanza kufanyika Muhimbili mwaka 2017. Mtoto anayesubiri zamu ya upasuaji, au betri mpya, au kipande kipya cha sikioni kwa kuwa cha zamani kimekuwa kidogo, bado anakua kila siku, na ubongo wake hausubiri naye.

Kuwa kiziwi peke yake hakumtoshi mtu kufanya kazi hii. Nawafahamu viziwi hodari wa lugha ambao hawawezi kukaa na mama aliyefiwa na matumaini bila kumhubiria, na wapo wanaoidharau ishara ya nyumbani ambayo familia imeibuni, wakati hiyo ndiyo ngazi ya kwanza. Wanahitaji kufundishwa makuzi ya mtoto mchanga, kusoma ripoti ya usikivu na kutunza siri za familia. Ndiyo maana nasema kazi, kazi yenye mshahara. Katika kikao kimoja cha kupanga huduma za watoto wenye ulemavu nilialikwa "kutoa ushuhuda" baada ya chakula cha mchana, nikapewa dakika kumi na bahasha ya nauli, na nilipoomba kuona mpango wenyewe niliambiwa ulishapitishwa asubuhi. Mkalimani aliyekuwepo alilipwa kwa nusu siku, hiyo nusu yangu.

Tanzania iliridhia mwaka 2009 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao kifungu chake cha 24 kinazitaka nchi kuajiri walimu wanaoimudu lugha ya alama, wakiwemo walimu wenye ulemavu. Mkataba unazungumzia elimu. Barua yangu inaomba tu ihesabiwe kwamba elimu ya mtoto kiziwi huanza mkekani.

Nimeomba mambo matatu: nafasi ya ajira ya mtu mzima kiziwi aliyepata mafunzo, awepo siku za kliniki ya watoto na aweze kuzitembelea familia, fungu la mkalimani na nauli ndani ya bajeti hiyo hiyo, si kwa hisani, na kiti cha viziwi katika kikao cha asubuhi, kile kinachopitisha mpango. Mume wangu amesoma rasimu na kusema neno "kiti" ni kali mno, niandike "ushiriki". Nimeliacha lilivyo. Jumatatu barua inagongwa muhuri wa chama chetu cha viziwi, kisha naipeleka masijala mwenyewe na kusubiri nakala yenye tarehe ya kupokelewa.