Mkia uliotulia

Juzi mwanangu kabanwa kidole na mlango, kalia weee, alipotulia akaniuliza, mama, ubongo si ndio bosi wa mwili, mbona hauzimi tu maumivu? Nikabaki namwangalia. Maana mimi nilishauona ukizima.

Mwaka wa pili chuo, maabara ya fiziolojia. Panya jike, mweupe, wiki iliyotangulia alishapachikwa waya mwembamba kama unywele mpaka kwenye ile sehemu ya kijivu inayozunguka kijimfereji cha katikati ya shina la ubongo. Mwalimu alitusimulia harakaharaka habari za mtafiti mmoja, Reynolds, aliyeandika mwaka 1969 kwamba amewapasua panya tumbo bila dawa ya usingizi, kwa umeme wa mahali hapo tu. Sikuamini kabisa.

Taa ya moto ikaelekezwa kwenye mkia. Bila umeme, sekunde chache tu, paa, mkia umechomolewa. Mara tatu, vilevile. Halafu mwalimu akawasha umeme. Nikahesabu, tano, sita, saba, mkia umelala palepale kama kamba, na panya hajalala jamani, sharubu zinacheza, pua inanusa, kalamu yangu ikadondoka sakafuni akageuza kichwa kuangalia! Sekunde ya kumi mwalimu akaizima taa mwenyewe ngozi isije ikaungua. Mikono ilikuwa inanitetemeka.

Kilichonishika hasa ni hiki: kuchomoa mkia ni kazi ya uti wa mgongo, hausubiri ubongo. Kwa hiyo ubongo ulikuwa unateremsha amri, mlango unafungwa hukohuko mgongoni kabla habari ya maumivu haijapanda. Siku nyingine panya akadungwa nalokisoni, dawa inayozuia morfini, ile dawa kali ya maumivu, isifanye kazi, na umeme uleule haukuzima tena maumivu kama mwanzo. Yaani mwili una morfini yake wenyewe, tena enkefalini, kemikali za mwilini zinazofanya kazi kama morfini, zilishagunduliwa tangu 1975.

Nikamwambia mwanangu ubongo unaweza kuzima, ila hauzimi kila tukitaka, na maumivu ndiyo yaliyokufanya uchomoe kidole upesi. Akasikiliza. Kisha, na yule panya mlimwachia?

Hapana. Ilibidi ubongo wake ukatwe vipande vyembamba tuone ncha ya waya iliishia wapi, na vile vioo vya hadubini nilivipanga mimi. Nikamwambia ukweli wote. Hakuuliza tena, ila kidole chake akakitoa taratibu mkononi mwangu.