Vile nilipata jumla ya matumizi ya serikali bila kuhesabu pesa mara mbili

Mtu akikwambia "chukua tu ile namba ya hotuba ya bajeti, ndo hio hio", usimsikize kabisa. Mimi niliambiwa hivo na mtu anaejiita mtaalamu, na ilinikera sana baadae. Hotuba ni mpango, alafu katikati ya mwaka inakuja bajeti ya nyongeza inabadilisha kila kitu.

Kikundi chetu hapa Mombasa kilikua kinajiandaa kwenda kutoa maoni ya bajeti, nikapewa kazi nitafute serikali kwa jumla ilitumia ngapi 2022/23. Kwenye Gazeti la Serikali Hazina hutangaza kila mwezi pesa zilizotoka mfuko mkuu wa serikali, kwahivo nikachukua ile ya Juni, ya kufunga mwaka wa bajeti. Alafu nikashusha ripoti ya Msimamizi wa Bajeti (ile ofisi inayofuatilia matumizi ya serikali) ya kaunti zote 47, iko bure, nikajumlisha hizo mbili. Nilijua nimemaliza! Usiku nimelala ikanijia, sasa kaunti yetu ukitoa pesa za parking na leseni na kodi za viwanja, hizo nyingine zinatoka wapi? Nikaamka nikafungua laptop. Mgao wa kaunti, yaani pesa serikali kuu inazigawia kaunti, mwaka ule ulitengewa shilingi bilioni 370, na uko pale kwa Hazina ukitoka, alafu uko tena kwa kaunti ukitumika. Mabilioni yote hayo nimeyahesabu mara mbili, na kama ningeyasoma mbele ya watu ingekua aibu ya kikundi kizima.

Dawa niliyopata ni hii na najivunia: nilienda cyber nikaprinti hizo ripoti, nikanunua maka mbili. Nyekundu ni pesa inayotoka mfuko mmoja wa serikali kuingia mwingine, hio unaikata. Kijani ni pesa inapomfikia mwalimu, muuza dawa, benki. Unajumlisha kijani peke yake.

Deni ndo lilinisumbua zaidi. Gazeti linaweka riba pamoja na mkopo wenyewe unaorudishwa, lakini ripoti za Hazina za robo mwaka kwenye matumizi zinaweka riba tu, mkopo unaorudishwa wanauweka upande mwingine. Zote ni sahihi, we andika tu umetumia ipi. Na gazeti halina zile ada ambazo vyuo na taasisi zinajikusanyia na kutumia zenyewe, hizo uzitafute kando.

Siku ya kikao mzee mmoja alieuzia kaunti mawe ya kujengea darasa akaniuliza deni lake liko wapi kwa hio karatasi. Haliko, kwasababu hesabu inaingia pesa ikilipwa, na yeye hajalipwa. Nikaongeza mstari chini ya jumla, "bili ambazo hazijalipwa", tukaenda nao hivo kwa maoni yetu.