Risasi inakwama kwenye lava: jinsi nilivyotatua

Kuvua chini kwa ndoana, hapa Goma kando ya ziwa Kivu, kunasumbuliwa na jiwe la volkano. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji ikaingia hadi majini, na mawe yake yana meno. Risasi, ule uzito wa kuzamisha ndoana, inadumbukia ufani, unavuta, uzi unakatika: ndoana, chambo na samaki, vyote kwaheri.

Uzi mnene si dawa. Unakukata vidole na jiwe bado haliachii. Mimi nimefanya kinyume: risasi naifunga peke yake mwishoni, kwa kipande kifupi cha uzi mwembamba kuliko uzi mkuu. Ndoana inakaa juu zaidi, kwenye tawi fupi la uzi, pembeni. Risasi ikikwama, kinachokatika ni kile kipande dhaifu tu, na tilapia anapanda na ndoana yake. Hata risasi sinunui tena. Nati kuukuu za pikipiki zinatosha, na gereji za Goma hazikosi nati.

Mdogo wangu akauliza, “Yaya, si tuende na pirogi katikati, kwenye kina?” Hapana. Baharini, kule Muanda kwa mfano, samaki wa chini wapo hata kwenye kina kirefu. Kivu, ukishapita kina cha mita 60 hivi, haina oksijeni. Huko kuna gesi ya kaboni na methani, samaki hakuna. Tunabaki karibu na ukingo, na mfuko wa nati.