Dodoma nilivuna zabibu, Colares nikaanza upya

Nimekulia Dodoma, kwa hiyo nilipopata kibarua cha shamba la zabibu Colares, Ureno, nilikwenda kifua mbele. Nguzo, waya, mavuno mara mbili kwa mwaka: kipi nisichokijua? Nilipofika nikadhani nimepotea njia. Mizabibu ilikuwa imelala mchangani kama matikiti, imezungushiwa ua wa matete makavu, na ng'ambo ya ua Atlantiki inanguruma.

Mzee mwenye shamba alinikabidhi fungu la vijiti. Kiangazi mchanga hupata moto hadi kuunguza zabibu, hivyo kabla ya mavuno matawi huinuliwa na kuegemezwa vijiti. Kazi ya mtoto hii, nikajisemea. Nikayanyanyua juu yapate hewa, kama kwetu. Alasiri upepo wa baharini ukalaza mstari mzima, majani yakachanika. Mzee hakugomba. Alipiga goti, akapima kwa kiganja: shubiri moja, basi. Akanionyesha na kukichomeka kijiti mshazari. Kesho yake nilitambaa kwa magoti tangu asubuhi, na jioni mistari yangu ilikuwa imesimama. Mgongo ndio uliokataa kusimama.

Kwa Kireno changu cha kuokoteza nikamuuliza kwa nini wasihamie udongo mgumu. Alichota mchanga, akauacha umwagike vidoleni. Filoksera, kidudu kilichomaliza mizabibu ya Ulaya karne ya 19 kwa kula mizizi, hakiwezi kuishi humo. Kwingine wanabebesha mizabibu yao kwenye mizizi ya Kimarekani, inayokihimili kidudu hicho. Ramisco, aina ya zabibu nyekundu ya Colares, inasimama kwa mizizi yake yenyewe. Ila kuipanda ni shughuli, maana lazima uchimbe mchanga mpaka uufikie udongo wa mfinyanzi ulio chini. Zamani wachimbaji walivaa vikapu kichwani, ili shimo likibomoka wabaki na nafasi ya kupumulia. Nikavitazama vijiti vyangu kwa heshima.

Siku ya kumaliza akanimiminia Ramisco changa, mvinyo mchanga wa mchangani. Ukakasi! Ulimi ulinikauka kama nimeng'ata bibo bichi. Akacheka, akafungua chupa ya zaidi ya miaka kumi. Ule ukakasi ulikuwa umelainika, uchachu umebaki, na kwa mbali kama chumvi.

Nikamwomba chupa ya kwenda nayo nyumbani. Akanipa ile changa, na onyo nisithubutu kuifungua.